Ganda la foraminifera lilijengwa kina gani? Hatua kwa hatua

Foraminifera wa planktoni, yaani kiumbe mdogo anayeelea baharini, ana seli moja tu, lakini hujijengea ganda la kalsiamu kaboneti linalobeba alama ya maji yaliyomzunguka.

Hatua ya 1: Vua kwa tabaka. Tumia kifaa chenye nyavu kadhaa zinazofunguka na kufungwa kwa zamu, mfano mita 100–60, 60–40, 40–20, kisha 20–0. Wavu mmoja uliovutwa toka chini hadi juu huchanganya wote, na hakuna hesabu itakayowatenganisha. Palepale pima joto na chumvi, na uchote maji ya kila tabaka.

Hatua ya 2: Tenga walio hai na wafu. Usiifanye kwa haraka. Chini ya hadubini, aliyevuliwa hai vyumba vyake vimejaa ute wenye rangi. Ganda jeupe, tupu, linalopitisha mwanga, ni la mfu aliyekuwa akizama. Mara ya kwanza niliwachanganya, na sampuli ya mita 200 ikanipa joto la juu ya bahari. Maganda yalikuwa yameshuka tu kama vumbi.

Hatua ya 3: Chagua spishi moja na saizi moja. Globigerinoides ruber hukaa karibu na juu. Neogloboquadrina dutertrei hupenda pale joto linapoanza kushuka ghafla. Globorotalia truncatulinoides hufika mamia ya mita. Chekecha upate mikromita 250–355, kwa kuwa kemia hubadilika ganda linavyokua.

Hatua ya 4: Vunja maganda taratibu kati ya vioo viwili ili vyumba vifunguke, suuza kwa maji safi kabisa na methanoli, kisha ondoa mabaki ya mwili kwa peroksidi ya haidrojeni yenye alkali.

Hatua ya 5: Pima. Maji yakipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, oksijeni-18 (oksijeni nzito) ya ganda hupungua takriban 0.2 kwa elfu, na uwiano wa magnesi kwa kalsiamu hupanda takriban asilimia 9. Magnesi ikupe joto. Tafuta joto hilo kwenye vipimo vya hatua ya 1, upate kina. Kisha tumia joto hilohilo kuitoa athari yake kwenye oksijeni: kinachobaki ni cha maji yenyewe, nacho kilinganishe na maji uliyochota.

Kwa G. truncatulinoides jihadhari: akishuka huongeza tabaka nene la kalsaiti (kalsiamu kaboneti ileile) juu ya ganda la awali, hivyo ganda zima hukupa wastani wa vina viwili. Wenye tabaka hilo na wasio nalo wapime mbalimbali.