Barafu na misukosuko ya hewa: jinsi ya kuikabili ukiwa kwenye ndege ndogo

Makosa ninayoyaona kwa wanafunzi wangu wa urubani ni mawili, na yanapingana. Kwenye barafu wanachelewa; hewa ikianza kutikisa, wanakuwa na papara. Hatua zifuatazo ni za ndege ya injini moja isiyo na mitambo ya kuondoa barafu kwenye mabawa. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Hatua ya 1: Maliza kazi ya chini kwanza

Tafuta urefu ambao joto linafika nyuzi 0 za Selsiasi. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 2 hivi kila futi 1,000, kwa hiyo uwanjani kukiwa na nyuzi 14, anza kuhesabu barafu kuanzia futi 7,000 juu ya uwanja. Wingu au mvua juu ya mstari huo si mahali pako.

Jaribu hita ya mrija wa pito, ule unaopima mwendo wa ndege hewani, kabla ya kupanda. Iwashe kidogo, izime, kisha upitishe mgongo wa kidole karibu na mrija. Usiushike, unaunguza.

Na ule ukungu mweupe ulioganda juu ya bawa asubuhi, futa wote. Ukwaruzo wa kiasi cha msasa tu unaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani kwa asilimia 40. Sijali kama umechelewa.

Hatua ya 2: Barafu ya kabureta

Hii, inayojijenga ndani ya kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa), ndiyo inayowakuta watu siku ambayo hakuna aliyewaza barafu. Petroli inapogeuka mvuke na hewa inapobanwa kwenye koo la kabureta, joto la humo ndani linaweza kushuka kwa nyuzi zaidi ya 30. Hatari ni kubwa zaidi nje kukiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu umepita asilimia 80, lakini hata kwenye nyuzi 38 inawezekana.

Dalili ya kwanza kwenye ndege yenye pangaboi lisilobadilika pembe ni mizunguko ya injini kushuka polepole bila wewe kugusa kitu. Niliwahi kuruka na mwanafunzi asubuhi yenye jua na mvuke mwingi. Mshale ulitoka 2,400, ukaja 2,350, ukaja 2,300, naye kila mara akiisukuma throto, kitasa cha nguvu za injini, kidogo kuurudisha. Alikuwa anaificha barafu bila kujua.

Nikamwambia avute kitasa cha joto la kabureta, kinacholeta hewa ya moto, chote, mpaka mwisho. Injini ikashuka zaidi, ikaanza kukohoa na kutetemeka, na mkono wake ukaruka kukirudisha kitasa. Hapo ndipo watu wanapopotea. Kile kikohozi ni barafu inayoyeyuka, maji yanapita kwenye silinda. Kiache kitasa nje. Baada ya muda injini ilitulia na mizunguko ikapanda. Ukikirudisha mapema, unabaki na barafu ileile na joto la kuiyeyusha umelizima mwenyewe.

Kitasa kiwe chote nje au chote ndani, labda ndege yako iwe na kipima joto cha kabureta. Na kabla hujapunguza nguvu kwa ajili ya kushuka, vuta joto kwanza: throto ikifungwa barafu hujijenga upesi, na injini iliyopoa haina joto la kutosha la kukuokoa.

Hatua ya 3: Barafu ikishika mwili wa ndege

Tazama vitu vyembamba: kipima joto cha nje, nguzo ya bawa, pembe za kioo. Barafu huanza hapo kabla ya bawa. Ukiiona tu, washa hita ya pito kama bado, zima rubani otomatiki ili usukani ukueleze hali halisi, kisha toka: geuka urudi ulikotoka au shuka kwenye joto ikiwa ardhi inaruhusu. Waambie waongoza ndege mara moja.

Mshale wa mwendo ukianza kusema mambo ya ajabu, usiukimbize. Weka nguvu na mkao wa pua unaoujua.

Wakati wa kutua, flapu, vibao vya nyuma ya bawa, ziache au utumie chache sana, kwa sababu mkia wenye barafu unaweza kushindwa kazi flapu zinaposhuka, na pua ikadondoka. Ongeza mwendo, na usikate nguvu mpaka uko karibu kugusa.

Hatua ya 4: Misukosuko

Punguza mwendo uwe chini ya Va, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa usukani kusukumwa mpaka mwisho, na kumbuka Va hushuka ndege ikiwa nyepesi. Cessna 172N yenye pauni 2,300 ina Va ya noti 97 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Kwa pauni 1,950 ni noti 89. Uzito ukipungua kwa asilimia fulani, toa karibu nusu ya asilimia hiyo kwenye mwendo.

Kisha kaza mikanda, funga mizigo, na ushike usukani kwa vidole. Lenga mabawa yalingane na pua ikae mahali pake. Urefu ukipanda na kushuka futi 200, waache waongoza ndege wajue, lakini usiupiganie. Va haikukingi ukikanyaga pedali za usukani wa mkia kulia, kushoto, kulia tena kwa nguvu zote. Airbus A300 iliyoanguka New York tarehe 12 Novemba 2001 ilivunjika mkia wa wima namna hiyo.

Radi ikae mbali nawe maili 20 za baharini.

Ukija kutua kwenye upepo wa vishindo, ongeza mwendo kwa nusu ya kishindo, yaani nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na kilele chake: upepo wa noti 15 unaofikia 25, unaongeza 5.

Ukishuka kwenye ndege iliyotikiswa sana, izunguke polepole. Angalia mikunjo kwenye bati la bawa na riveti zenye masizi meusi pembeni, halafu andika kwenye daftari la ndege hata kama hukuona kitu, fundi aikague kabla ya mwingine kuipanda.