Kabla hujaitoa antivairasi ya kampuni kwenye laptopu ya zamani ya kazini

Antivairasi ya kampuni imewekwa ikae. Inajilinda isizimwe hata na mwenye haki za msimamizi, na mara nyingi hudai nenosiri ambalo liko kwa watu wa TEHAMA peke yao. Kwa hiyo anza na swali la umiliki. Kama laptopu umeuziwa au umepewa, pata maandishi, kisha waombe TEHAMA waiondoe kwenye mifumo yao. Kwao ni kazi ya dakika chache. Kama bado ni mali ya kampuni, iache ilivyo.

Usikubali tu kuambiwa "tumeshaitoa". Fungua dirisha la amri, andika dsregcmd /status, utazame mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined. Ikisomeka YES, mashine bado iko mikononi mwao, na antivairasi utakayoing'oa leo, Intune (huduma ya Microsoft ambayo kampuni husimamia mashine zake kwa mbali) inaweza kuirudisha kesho. Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandalia mashine za kazini, ni ngumu zaidi, kwa kuwa husajili mashine yenyewe: hata ukipiga Windows upya, ikipata intaneti wakati wa kuiandaa itadai akaunti ya kazini. Hapo hakuna ujanja, mpaka wao wenyewe wafute usajili.

Kabla ya kuikata kutoka kwa kampuni, tengeneza akaunti ya msimamizi ya hapo hapo kwenye mashine, yenye nenosiri unalolikumbuka, uijaribu kwa kuingia nayo. Wengi hufungiwa nje hapa. Usitegemee PIN, kwani katika hali salama (Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) inaweza kukataa.

Halafu BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows. Kubadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), na wakati mwingine kuingia hali salama, huweza kuleta skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ukiwa bado ndani, endesha manage-bde -protectors -get C: kama msimamizi, na tarakimu hizo uziandike kwenye karatasi, si kwenye laptopu hiyo hiyo. Mafaili yako nayo yahamishie diski ya nje.

Tumia zana ya kuondolea ya mtengenezaji husika. Ya ESET, kwa mfano, huendeshwa katika hali salama, ilhali uondoaji wa kawaida unaotegemea Windows Installer hukwama humo. Usifute folda kwa mkono: draiva zake hubaki zikipakiwa Windows inapowaka, na ile inayochuja mtandao ikivurugika, intaneti hukatika kabisa. Ndiyo maana draiva ya Wi-Fi iwe tayari kwenye flashi. Amri ya fltmc itakuonyesha vichujio vya mafaili vilivyosalia.

Kusema kweli, kwa mashine ambayo imeshaachiwa, kupiga Windows upya ni kusafi kuliko kukwangua mabaki. Flashi ya GB 8 inatosha. Angalia kwanza leseni kwa slmgr /dli: ya KMS, inayotegemea seva ya kampuni, lazima iiguse seva hiyo ndani ya kila siku 180, hivyo itakufa. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows Pro kwa kawaida ina ufunguo wake ndani ya BIOS. Weka toleo la Pro, si Enterprise la makampuni, nayo itajiwasha leseni yenyewe.

Njia yoyote utakayotumia, ukimaliza fungua Windows Security. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inapaswa kuwa imeshika zamu. Jina la antivairasi ya zamani likiwa bado lipo, uondoaji haujakamilika.