Kumfanyisha mazoezi mgonjwa wa kiharusi katika nyumba za Lamu

Nayaandika haya kwa mtu aliyetoka hospitali na mgonjwa wake, akaambiwa "mfanyishe mazoezi", kisha akafika nyumbani akaitazama ngazi. Babangu ni fundi wa nakshi hapa mtaa wa Langoni, na kiharusi kilimpata upande wa kulia, upande wa mkono unaoshika nyundo. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, tunamwona kwa miadi. Siku zilizobaki ni zetu. Ubongo ulioumia hujifunza njia nyingine kwa tendo lile lile kurudiwa mara nyingi sana. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo hurudisha mengi, ingawa mtu huendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Kwa hiyo mazoezi yatie ndani ya shughuli za siku nzima.

Anza kwa kulilinda bega. Mkono uliopooza ni mzito na misuli inayoushikilia imelegea. Ukivutwa, bega hushuka kutoka mahali pake, na maumivu yake huchelewesha kila kitu. Usimwinue mgonjwa kwa kumshika kwapani wala kwa kumvuta kiganja. Akikaa, mkono ulazwe juu ya mto. Akiwa bado wa kulala tu, mgeuze kila baada ya saa mbili, ukikagua mgongo, matako na visigino kama ngozi imebadilika rangi.

Kwetu hapa kuna na wageni. Kila kijana anayeingia huuchukua mkono wa kulia wa mzee kuubusu, naye huuinua hadi mdomoni. Nilimweka mdogo wangu dakani, kibarazani mwa mlango wa nje, awaambie mmoja mmoja: inama wewe, mkono uache ulipo. Hakuna aliyechukia. Wanaokuja kumkanda na mafuta ya nazi, wakande polepole, bila kuvuta. Maji ya moto yajaribu kwanza kwa mkono wako, maana upande ule huenda hausikii moto, na ngozi huungua mtu asijue.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuinuka kitini. Tafuta kiti kigumu chenye mikono, ukiegemeze ukutani, nyayo zote mbili zikanyage chini barabara. Vitanda vyetu vya kale ni virefu mno kwa kazi hii, na baraza iko chini sana, iache kwa baadaye. Asogee ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wewe kaa upande mgonjwa, ulizuie goti lisikunjike. Ataka kuegemea mguu mzima peke yake; mhimize auelemee na ule dhaifu. Kurudi kitini kuwe taratibu, asijibwage. Sisi tumelifunga na vipindi vya sala: kabla ya kila sala mara tano, na akiweza kumi. Sala yenyewe huswali amekaa, ruhusa ipo.

Sasa ngazi. Vidato vya nyumba za mawe ni virefu na havilingani, na kuta zake hazina pa kushika. Kupanda, mguu mzima ndio unaotangulia. Kushuka, mguu mgonjwa. Kidato kimoja kimoja, miguu yote ikutane kabla ya kwenda kingine. Akipanda, simama nyuma yake, kidato cha chini. Akishuka, simama mbele yake, chini vilevile. Na ukitia mti wa kushikia upande mmoja tu, ule ulio upande wake mzima akipanda utakuwa upande wake mgonjwa wakati wa kushuka. Tia pande zote mbili. Sisi tulitumia pau za mkoko, zikapigwa msasa mpaka zikawa laini, zikakazwa ukutani kwa vyuma. Kabla hazijatiwa, mgonjwa na alale orofa ya chini, hata ikiwa ni tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia.

Nje, mtoe alfajiri kabla ya punda na mikokoteni kujaa njiani. Bakora ashike kwa mkono mzima, wewe uwe upande mgonjwa. Mchanga mlaini wa pwani ya Shela usubiri mpaka awe imara.

Kula na kunywa ni akiwa amekaa wima, tonge ndogo, na abaki wima nusu saa. Maji na chai ndivyo vinavyopalia upesi kuliko uji mzito. Akikohoa kila anywapo, au sauti ikawa ya majimaji, mrudishe hospitali wakamtazame anavyomeza.

Kwa maneno, usimmalizie sentensi. Babangu alishindwa kuomba maji, lakini Fatiha aliisoma yote. Mambo yaliyohifadhiwa tangu utotoni mara nyingi hubaki maneno mengine yakipotea, basi someni pamoja, imbeni kaswida, kisha muulize maswali ya ndiyo na hapana.

Mkono huchelewa kuliko mguu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mpe kazi anayoijua. Babangu tulimwekea ubao mpana mezani na msasa uliofungwa kwenye kipande cha mti: mkono mgonjwa chini, mzima juu yake, mbele na nyuma kufuata mishipa ya mti. Kipande kikikwama, bega lake hupanda hadi sikioni; hapo tunasimama, analegeza, tunaanza tena. Fundi wa makuti mpe makuti, mshonaji kofia mpe kitambaa kwanza, sindano baadaye.

Kuchoka kwake si uvivu. Apumzike kati ya zoezi na zoezi. Dawa za presha zisikatwe hata akijisikia mzima. Akiwa mnyonge kila siku, hali chakula, hataki mtu, mwambie daktari, kwani huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa na unatibika. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana, au uso ukapinda upya ghafla, acha mazoezi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Mlio Matondoni, Kipungani au Pate, pangeni mapema ni mashua ya nani itakayowachukua.