Oto inateleza gia: anza na oili kabla ya kufungua giaboksi

Gari la oto (giaboksi inayobadilisha gia yenyewe) likipanda kutoka feri ya Likoni, Mombasa, injini inavuma lakini mwendo hauongezeki. Huko ndiko kuteleza. Usikubali giaboksi ishushwe kabla ya kupima oili yake.

Pasha gari moto, liegeshe pahali tambarare, pitisha gia zote, rudisha P (ya kuegesha), kisha vuta dipstiki ya giaboksi (kijiti cha kupimia oili) injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, presha hushuka na klachi (sahani za ndani ya giaboksi zinazoshika gia) hazishiki. Tafuta inakovuja: kwa sababu ya chumvi ya Pwani, paipu za kupoza oili huoza mapema. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua mara nyingi ina maana klachi zimekwisha, na kuibadilisha hakutaziponya.

Kwa Toyota za zamani zenye kebo kutoka throto (mlango wa hewa wa injini) hadi giaboksi, kagua kebo hiyo. Mtu akikanyaga mafuta hadi mwisho, alama ya kwenye kebo ibaki milimita 0 hadi 1 kutoka ncha ya kava. Ikilegea, presha hupungua. Hili husahauliwa mno!

Kama kebo ni sawa, fungua sampu (trei ya oili chini ya giaboksi). Unga laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Weka filta na gasketi mpya, kaza bolti kwa mkono mwepesi, rudisha oili kwa kiasi kilekile ulichomwaga, ya aina iliyoandikwa kwenye dipstiki, kisha pima tena.

Ikiteleza gia moja tu, klachi au bendi (mkanda wa kushika) ya gia hiyo huenda imechakaa: hapo giaboksi ishuke.