Kutunza kibanio cha tishu katika chumba cha upasuaji mdogo

Kibanio cha tishu, yaani koleo dogo la kushikia ngozi na nyama wakati wa kukata au kushona, ambalo wengi wodini huliita fosepsi ya meno kwa sababu ncha zake zina meno, kikitunzwa hudumu miaka mingi. Kinachokiua mapema si wingi wa wagonjwa. Ni klorini, damu iliyoachwa ikauka, na mazoea ya kushikia sindano kwa ncha yake.

Kwa kushona jeraha, kutoa uvimbe wa mafuta au kukata kipande cha ngozi cha uchunguzi, kinachofaa zaidi ni kibanio kidogo cha aina ya Adson, cha sentimita 12, yenye meno ya moja kwa mawili, yaani jino moja la upande huu huingia katikati ya mawili ya upande ule. Wanaoanza kazi hudhani meno huumiza ngozi kuliko kibanio kisicho na meno. Ni kinyume chake. Jino hushika kwa nguvu kidogo tu. Kisicho na meno huteleza, mkono ukazidi kubana, ukingo wa ngozi ukapondeka, na ngozi iliyopondeka haiungani vizuri. Kisicho na meno kiachie kazi ya kushika gozi (shashi ya vidonda) na pamba.

Unaponunua, tazama kwanza alama. Tarakimu 2 ndani ya duara lililokatwa kwa mstari maana yake ni kifaa cha kutumia mara moja. Usikirudie hata kikionekana imara. Kisha kifunge polepole mbele ya mwanga. Ncha ndizo zitangulie kukutana, na jino liingie kwenye nafasi yake bila kukwaruzana na wenzake. Ongeza nguvu kidogo: ncha zikipishana au zikaachana, kirudishe. Mwisho bana ukingo wa kipande cha glavu taratibu, uvute. Kikiponyoka, ngozi nayo itaponyoka.

Kishike kama kalamu, kwa mkono usioshika kisu wala kishika sindano. Ukikikumbatia kiganjani utabana kupita kiasi bila kujua. Inua ngozi kwa tabaka lake la ndani au mafuta yaliyo chini yake, si kwa uso wa juu. Kipande cha uchunguzi kishikwe ukingoni tu, tena kwa wepesi, kwa sababu seli zilizopondwa hazisomeki kwenye darubini na mgonjwa atalazimika kukatwa tena. Sindano ishikwe na kishika sindano. Ukiidaka kwa meno ya kibanio, jino hupinda na ncha ya sindano hubutuka, isipokuwa kibanio chako kina bapa la kushikia nyuma ya meno.

Kazi ikiisha, usafishaji uanze hapo hapo. Kama huwezi kukiosha mara moja, kifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida. Usitumie maji ya chumvi ya dripu, kwani chumvi hutoboa chuma cha pua. Kukiloweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kuosha ni desturi ya muda mrefu katika vituo vingi, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 hauipendekezi: damu huidhoofisha klorini, na klorini hula chuma. Kama utaratibu wa kituo chako bado unaidai, zisizidi dakika 10, kisha suuza papo hapo. Kukiacha humo usiku kucha ni kukitupa.

Vaa glavu nene, aproni na kinga ya macho. Suuza kwa maji baridi kwanza, maana ya moto huigandisha damu kati ya meno. Halafu tumia sabuni isiyo kali na brashi laini, ukisugulia chini ya maji ili matone yasikurukie. Meno na mifereji ya ndani ndiyo ya kusumbukia. Uchafu ukibaki hapo, mvuke hauugusi. Steelwool ikae mbali. Suuza tena, kausha kabisa, kagua kwa lenzi.

Ukiona doa la kahawia, lisugue kwa kifutio cha penseli. Likitoka na chuma chini yake kikawa laini, lilikuwa doa tu. Likiacha kitobo, hiyo ni kutu. Kitenge na vingine, kwa sababu kutu huhamia.

Funga kwa tabaka mbili za kitambaa au karatasi ya kutakasia, ncha ikikingwa na gozi. Usikifunge kwa mpira, kwani mvuke haufiki chini yake. Mafuta ya mashine nayo huuzuia mvuke. Tumia ya vifaa vya tiba yanayoyeyuka majini. Katika otoklevu ya kawaida, yaani chombo cha kutakasa kwa mvuke wenye presha, vifurushi vipate nyuzi 121 kwa dakika 30, zikihesabiwa tangu joto lifike, si tangu jiko liwashwe. Presha ni paundi 15 kwa inchi ya mraba usawa wa bahari. Miinuko kama Nairobi au Mbeya, geji isome karibu 18. Ukiiachia 15, joto halifiki 121 na kifurushi kinatoka kikidhaniwa salama. Kuchemsha kwenye sufuria si kutakasa, kwa kuwa mbegu za bakteria kama wa pepopunda hustahimili maji yanayochemka.

Presha ikifika sifuri, fungua mlango kidogo, vifurushi vikauke kama dakika 30. Kilichotoka na unyevu kirudiwe, maana bakteria hupenya kitambaa kibichi. Utepe wa otoklevu unaobandikwa nje, ukibadilika rangi, huonyesha kifurushi kimepita kwenye joto tu. Kwa hiyo kipimo cha kemikali, cha kuonyesha kama mvuke umefika ndani, kiwekwe katikati ya vifaa.