Kabla ya Kuinamia Meza ya Snuka

Meza kamili ya snuka ina urefu wa futi 12 na mipira yake ina kipenyo cha milimita 52.5 tu, kwa hivyo kosa ambalo meza ndogo ya pool ya mtaani hulisamehe, hapa hulipiwa papo hapo. Ikiwa unatoka kwenye pool, kama wengi wetu Mombasa tulivyotoka, usidhani umekwisha kujua kupiga.

Paka chaki kabla ya kila pigo, si baada ya ncha kuteleza. Vua saa. Angalia kama fimbo imenyooka.

Beba kitambaa kikavu, na usinicheke. Wakati wa kaskazi mikono hutoka jasho, fimbo ikanata kwenye kidole gumba cha mkono wa mbele, nawe ukaisukuma kwa bega badala ya kuiachia kiwiko. Bega likisogea, kichwa hulifuata. Kitambaa cha meza nacho huvuta unyevu na kuipunguza mipira kasi, hivyo mchezaji huongeza nguvu mpaka mwili mzima unainuka. Katika mashindano makubwa ya Uingereza meza huwekewa vipasha joto chini ya mawe yake ili kitambaa kibaki kikavu. Sisi tuna feni ya darini. Basi piga mapigo mawili matatu ya kuipima kasi ya meza kabla ya mchezo kuanza.

Uchague mstari wa pigo ukiwa bado umesimama, kisha uinamie mstari huo huo mpaka kidevu kikaribie kuigusa fimbo. Anayeinama kwanza na kutafuta shabaha baadaye ataitafuta kwa kukisogeza kichwa.

Sasa nije kwenye mkono wa nyuma, ule unaoishika fimbo, ambao ulinigharimu fedha. Nilikuwa nyuma kwa alama 52 dhidi ya 58, na mezani umebaki mpira mweusi peke yake, wenye alama 7, umbali wa futi moja hivi kutoka mfukoni. Nilipiga nikainua kichwa niuone ukiingia. Uligonga mdomo wa mfuko, ukarudi, na mwenzangu akaumaliza. Niliilaumu fimbo. Mwezi huo huo nikanunua nyingine, ya bei ambayo nyumbani sikuitaja, na kwa majuma kadhaa nikaendelea kukosa vile vile.

Mzee mmoja aliyekuwa akituhesabia alama katika ukumbi tuliochezea karibu na Mwembe Tayari alichoka kunitazama. Aliondoa mipira yote akauacha mweupe, akauweka kwenye nukta ya mezani anapowekwa mpira wa kahawia, akaniamuru niupige upite juu ya nukta za mpira wa buluu, wa waridi na mweusi, ugonge ukingo wa mbali, kisha urudi moja kwa moja kwenye ncha ya fimbo, nami nisiinuke mpaka urudi. Ulirudi shibiri nzima upande wa kulia. Akanipa fimbo yangu ya zamani. Ukarudi shibiri ile ile, upande ule ule.

“Mwanangu,” akasema, “wewe wanyanyuka kwa sababu waishika fimbo kama utingo aning’iniaye mlango wa matatu.”

Nilikuwa nimekesha nikijikanya kichwa kisitikisike, kumbe kichwa kilikuwa kikivutwa tu: kiganja kilipokaza, kiwiko kilifungika, bega likapanda, na shingo haikuwa na hiari. Tangu hapo, kabla ya kila pigo hulegeza vidole mpaka nihisi uzito wa fimbo umelala juu yake, huivuta nyuma taratibu, hutua kidogo macho yakiwa kwenye mpira ninaoulenga, ndipo hupiga. Zoezi la mzee lifanye mara 20 kabla ya kupanga mipira myekundu. Ukitaka ushahidi, muombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka mbele. Utaona jambo ambalo hutalipenda.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Usiiache fimbo ndani ya gari lililoegeshwa juani, usitue soda juu ya ukingo wa meza, na usishindanie fedha ukiwa na usingizi. Na siku ya Ijumaa, ukipitia ukumbini na kanzu yako, kunja mikono yake vizuri, kwa maana nguo ikigusa mpira ni kosa, na kosa humpa mpinzani alama zisizopungua 4.