Soko la nje likifungwa: jinsi ya kudai haki yako kabla kiwanda hakijafunga

Uganda iliondolewa katika AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, tarehe 1 Januari 2024. Mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, nao ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Mambo ya aina hii humfikia mfanyakazi kama barua ya kupunguzwa kazi. Hakuna bima ya ukosefu wa ajira ya kumshika mkono, kwa hiyo tegemeo ni Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006.

Ukipewa barua, angalia tarehe kwanza. Notisi ni wiki 2 kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajatimiza mwaka, mwezi 1 kwa mwaka 1 hadi 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, na miezi 3 kuanzia miaka 10. Lazima iwe ya maandishi, kwa lugha unayoielewa. Kuambiwa getini "kesho usije" si notisi.

Halafu hesabuni mko wangapi. Mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu za kiuchumi anatakiwa kumwandikia Kamishna wa Kazi, na kama kuna chama cha wafanyakazi, akipe maelezo wiki 4 kabla ya wa kwanza kuondoka. Wapo wanaowatoa tisa leo, wanane mwezi ujao. Andikeni majina na tarehe za wote, maana kinachohesabiwa ni jumla.

Wengi hukwama kwenye kiinua mgongo. Kupunguzwa kazi kwa kufuata utaratibu hakutajwi na Sheria miongoni mwa sababu za kulipwa kiinua mgongo. Kuachishwa isivyo haki au mwajiri kufilisika kumetajwa, mradi umefanya kazi miezi 6. Soma basi mkataba wako na makubaliano ya chama, huenda vinakupa zaidi. Sheria haikuweka kiwango, lakini Mahakama ya Viwanda imewahi kutumia mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Aliyeachishwa isivyo haki, mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi na miaka 6 ya kazi, angedai 2,400,000, pamoja na notisi ya miezi 2 kama hakupewa, yaani 800,000, na siku za likizo alizobakiza.

Kima cha chini cha mshahara usikitegemee: shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984.

Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki mpelekee afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3 tangu kuachishwa. Wanaochelewa mara nyingi ni walioahidiwa "tutawaita tena". Beba mkataba, hati za mshahara na barua. Huna mkataba, taarifa za benki au za pesa za simu zinasaidia.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iangalie ukiwa bado kazini: asilimia 5 yako na 10 ya mwajiri, kila mwezi. Ukikuta mwezi haukulipwa, ripoti mapema, kwa sababu kampuni ikishafungwa ni vigumu kumpata wa kudaiwa.